Mvule Haupandwi, Kaka

Boti ilikuwa imepinduliwa juu ya mawe na mafundi wawili walikuwa wanaibomoa ubao kwa ubao. Ilikuwa mwaloni Igombe, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, saa nne asubuhi, dagaa wameanikwa kila penye nafasi na kunguru wanawavizia. Mwenye boti alikaa juu ya dumu la petroli akitazama mali yake inavyogeuka kuni. Mbao za ubavuni, za paina, ziliachia misumari kama mkate uliolowa chai. Lakini walipofika chini, karibu na mkuku, kazi ikagoma. Nyundo iligonga, mtaimbo ukapenyezwa, ubao ukabaki palepale.

Fundi mkubwa akaweka mtaimbo chini, akachukua randa. Akaipitisha mara chache juu ya weusi wa maji na rangi iliyochakaa, na chini yake ukatokea ubao mkavu, mzima, kahawia inayoelekea dhahabu.

"Huu hautupwi," akasema. "Huu unaingia kwenye boti mpya."

Nikamuuliza ni mti gani, ingawa jibu nilishalihisi. Mvule. Nikauliza tena: siku hizi mnaupata wapi, nani anaupanda?

Wakacheka wote, hata mwenye boti ambaye siku ile hakuwa na sababu ya kucheka.

"Mvule haupandwi, kaka. Ukiusubiri huo utazikwa kwenye jeneza la paina."

## Kauli iliyogoma kutoka

Nilirudi mjini nikiwa na samaki wangu na kauli ile. Samaki waliliwa jioni hiyohiyo. Kauli ikabaki wiki kadhaa, na kila nilipopita kwenye maduka ya mbao Nyakato iliamka upya.

Kilichonisumbua ni hiki. Sisi ni watu wa kupanda miti. Kila msimu wa mvua viongozi wanapigwa picha wakiwa wameshika mche. Kando ya ziwa hili hili serikali ina mashamba ya miti Rubya kule Ukerewe na Buhindi upande wa Buchosa, na ukipita huko unaona paina zimepangwa safu kwa safu. Mikaratusi haina hata haja ya kutajwa. Mitiki watu wanaipanda, na mtiki nao si mti wa mwenye haraka. Sasa inakuwaje mti ambao kila fundi wa boti, kila fundi wa milango na kila mzee aliyewahi kununua kitanda cha maana anausifia, ndio mti pekee usio na shamba?

Jibu la haraka ni pesa. Paina unaivuna baada ya miaka 20 hivi, mkaratusi wa nguzo mapema zaidi, mvule unataka miaka 50 na kuendelea ndipo uwe na gogo la kupasua. Nani ana miaka 50 ya kusubiri?

Jibu hilo lilinitosha kwa siku mbili tatu. Halafu likaanza kunipwaya. Watu wanaopanda mitiki wanajua watavuna wajukuu, na bado wanapanda. Watu wananunua viwanja Usagara vya watoto ambao hawajazaliwa. Kusubiri hakututishi kiasi hicho.

Nikaanza kuuliza wauza miche kando ya barabara ya kwenda uwanja wa ndege. Miparachichi ipo, miembe ya kisasa ipo, miashoki, miarobaini, michikichi ya mapambo, hata mifenesi. Mvule? Mmoja alinitazama kama mtu niliyemuulizia mche wa mbuyu. "Nani atanunua?"

Mzee mmoja tu ndiye aliyenijibu tofauti. Zamani aliajiriwa kwenye kitalu cha miti, wapi hasa si muhimu. Nilipomtajia mvule akaweka chini ndoo ya maji.

"Tuliotesha. Unaota vizuri tu. Ukishafika hapa," akaonyesha chini kidogo ya goti, "majani yanaota majipu. Ncha inaoza. Unachipua tena, yanarudi tena. Mwisho tukaambiwa tuache, vifuko vyote vikajazwa mikaratusi."

Kumbe watu walijaribu.

Hapo ndipo shauri lilipoanza kuninogea.

## Jiwe ndani ya gogo

Kabla sijafika kwenye majipu, niseme kwa nini mtu angehangaika na mti huu hata kidogo.

Wataalamu wanauita Milicia excelsa. Vitabu vya zamani vinauita Chlorophora excelsa. Afrika Magharibi, na kwenye masoko ya Ulaya, ni iroko. Ni ndugu wa mkuyu, mfenesi na mforosadi, na ukiukata unatoa utomvu mweupe kama hao ndugu zake. Unaanzia Afrika Magharibi, unapita Kongo na Uganda, unashuka mpaka Msumbiji. Huku kwetu unajulikana Pwani, na unajulikana upande wa Kagera. Hupenda nchi za chini mpaka mita 1,200 hivi. Maji ya ziwa letu yako mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo sisi tumekaa karibu na dari yake. Ukiachwa ufike ukubwani unavuka mita 30, hata 40, na shina linaweza kwenda mita 20 bila tawi. Shina la namna hiyo ndilo linalomtoa mfanyabiashara wa mbao udenda.

Mbao yake ni nzito kiasi, kilo 650 hivi kwa mita ya ujazo ikishakauka. Mchwa wanaiogopa, maji hayaiozeshi kirahisi, na ikikauka haipindipindi. Milango ya nakshi ya Zanzibar unayopiga nayo picha, mingine imechongwa kwenye mvule. Ukipasuliwa leo unakuwa wa njano. Uache juani na hewani, unaiva mpaka ule ukahawia niliouona chini ya randa. Sehemu nyeupe ya nje, iliyo chini ya gome, haina sifa hizo, na bungua wanaijua vizuri. Mfanyabiashara mjanja anakuuzia hiyo kwa bei ya moyo wa mti, hivyo fungua macho.

Una shida zake. Vumbi lake linawasha. Fundi niliyemtembelea Nyakato hupasua mvule akiwa amejifunga kitambaa puani, na bado anapiga chafya mpaka jioni; kuna wenzake ambao kifua kinawabana kabisa, na ngozi inawatoka vipele.

Shida ya pili alinionyesha mkononi. Akafungua kopo la misumari, akatoa kitu cha kijivu chenye weupe, kizito, kikubwa kuliko punje ya karanga na kidogo kuliko yai.

"Hili lilikuwa ndani ya ubao. Limekula meno mawili ya msumeno."

Jiwe. Ndani ya mti. Nilidhani ananitania, lakini mafundi wote waliozeeka na mvule wanalijua. Akachukua kipande cha limau alichokuwa analia samaki, akalikamulia. Likatoa povu, dogodogo, linachemka taratibu juu ya meza yenye maranda.

Ni chokaa. Mti huu hukusanya kalisi kutoka ardhini na kuitengeneza kuwa fuwele ndani ya mwili wake. Bakteria na kuvu huzigeuza fuwele hizo kuwa chokaa, nyingine inaganda ndani ya shina penye jeraha, nyingine inabaki kwenye udongo chini ya mti. Mwaka 2004 watafiti waliofanya kazi Ivory Coast waliandika kwamba chini ya mivule, kwenye udongo ambao kwa asili ni wa tindikali na hauna chokaa kabisa, walikuta chokaa imejaa. Mti ulikuwa umebadilisha udongo wake wenyewe. Na kwa kuwa chokaa hubeba kaboni, ile kaboni iliyovutwa hewani inalala ardhini muda mrefu kuliko ile iliyomo kwenye jani au tawi linalooza.

Siku hizi kila mkutano unazungumzia hewa ukaa. Sijasikia hata mmoja wa huku kwetu ukiutaja mvule.

## Majipu

Mdudu anayeleta majipu hayo ni mdogo, hajitokezi mbele ya macho yako mpaka umtafute. Jina lake la kitaalamu ni Phytolyma. Ni wa kundi la wadudu wanaofyonza maji ya mimea, na kwa mvule hana mbadala: anaishi kwa mvule na jamaa zake wa karibu, basi.

Jike hutaga mayai kwenye chipukizi na majani machanga. Mtoto akitoka anajipenyeza ndani ya jani laini, na jani linamzungukia, linavimba, linamfunika. Huko ndani anakula na kukua. Ndiyo maana dawa za kupuliza zinamshinda mkulima: unapuliza nje, mwizi amejifungia ndani. Baada ya wiki chache uvimbe unapasuka, wadudu wazima wanaruka, na pale palipopasuka kuvu wanaingia. Chipukizi linaoza kurudi chini. Mche unatoa chipukizi jingine, na lenyewe ni laini, ni chakula kipya.

Mti mkubwa unavumilia. Una majani mengi na nguvu nyingi. Mche wa kitalu una ncha moja. Ukiipoteza mara tatu nne, unabaki kichaka kilichodumaa.

Sasa fikiria umepanda ekari nzima ya mivule michanga, imepangwa safu, juani. Umemwandalia mdudu karamu. Ndicho kilichowakuta waliojaribu mashamba ya mvule Afrika Magharibi, wamehangaika nayo karne nzima iliyopita. Watafiti wa misitu wa Kumasi, Ghana, wamekuwa wakitafuta mivule ambayo kwa kuzaliwa inamhimili mdudu huyu, na wamepata inayomzidi nguvu kiasi. Kitu kingine walichokiona ni kwamba miche iliyo chini ya kivuli chepesi, iliyochanganywa na miti mingine, hupata majipu machache kuliko ile iliyopangwa peke yake juani.

Kivuli nacho kina kipimo chake. Mvule ni mti unaopenda jua. Msituni huotea pale mti mkubwa ulipoanguka na kuacha uwazi. Ukiufunika sana unadumaa bila hata kusaidiwa na mdudu.

Nilipofika hapa nikaelewa kwamba fundi wa Igombe hakuwa anatania. Namna tunavyojua sisi kupanda miti ya mbao, yaani mmoja, mwingi, safu, mvule unaikataa. Lakini bado swali lilibaki: kama haupandwi, ule uliotengenezea boti ulitoka wapi? Msitu mnene wa asili Mwanza hatunao. Tuna mawe, na mawe hayaoti mivule. Mafundi wanasema mwingi unatoka upande wa Kagera, mwingine Uganda, mwingine Kongo, na mwingine anayeuuza hapendi kuulizwa.

## Popo

Mvule una dume na jike, kila mmoja mti wake. Dume hutoa maua meupe marefu yanayoning'inia. Jike hutoa matunda ya kijani, sentimita 5 mpaka 7, laini, yana mbegu ndogondogo za milimita 2 hivi. Msumeno hauulizi. Anayekata jike la mwisho katika eneo ameondoa mbao ya leo na mbegu za miaka yote inayofuata, na madume yanayobaki yanaendelea kuchanua bure.

Mbegu hazihifadhiki vizuri. Ndani ya wiki chache zinaanza kupoteza uhai, hivyo ukiziokota sharti uzipondeponde kwenye maji, uzisafishe, uzianike kivulini na kuziotesha zikiwa bado mbichi. Zinachipua baada ya wiki mbili tatu.

Lakini porini nani anafanya hiyo kazi? Ndege wanafanya kidogo, kindi wanafanya kidogo. Mwenye kazi ni popo. Namaanisha wale wakubwa wanaokula matunda, wenye shingo ya rangi ya majani makavu, wanaosafiri mbali usiku mmoja kutafuta chakula. Ndio haohao wanaokusanyika kwa mamilioni kule Kasanka, Zambia, kila mwisho wa mwaka. Wanatafuna tunda, wananyonya maji, wanatema makapi, na mbegu zinashuka popote wanapopita. Ghana wamewachunguza na kuwakuta ndio wasafirishaji wakuu wa mbegu za mti huu.

Kwa hiyo yule tunayemfukuza kwa manati na moshi kwenye mwembe wetu ndiye aliyekuwa bwana miti wa mvule muda wote huu. Mtu akitaka kucheka, acheke. Mimi nilikaa nalo siku nzima.

## Kibanja cha Muleba

Nilimpigia baba mdogo. Yuko Muleba, mkoani Kagera, kwenye kibanja cha babu: migomba, kahawa chini yake, maharage chini ya kahawa, mihumula inayopandisha vichwa katikati. (Muhumula nao una kisa chake. Wazungu waliupa jina la Emin Pasha, yule aliyeanzisha kituo cha Bukoba mwaka 1890. Ni mti wa kwetu, mtulivu, hauna ugomvi na mtu. Walipoupeleka Amani, milima ya Usambara, ukasambaa ndani ya msitu mpaka ukawa kero kwa watu wa hifadhi. Mtoto mpole wa nyumbani huyo.)

Nilikuwa nakumbuka mvule mmoja nyuma ya jiko la bibi. Nikamuuliza baba mdogo nani aliupanda.

"Apande nani? Uliota."

"Wenyewe tu?"

"Babu yako alikuwa anapalilia, akauona, jembe likapita kando. Ndivyo ilivyokuwa. Kama anautaka anauacha, kama hautaki anaung'oa. Wewe unadhani miti yote hii tuliipanda?"

Nikakaa kimya kwenye simu mpaka akauliza kama salio limeisha.

Tazama kibanja kilivyo. Migomba inatoa kivuli chepesi, kile kile ambacho watafiti wanakitafuta. Miche ya mvule inaota mmoja hapa, mwingine kule, mbalimbali, imezungukwa na mimea ya kila aina. Mdudu anapata kazi kuifikia. Mkulima anaweka samadi na majani kwa ajili ya mgomba, mvule unakula humo humo. Baada ya miaka michache kichwa chake kinaipita migomba na kuingia juani, na wakati huo hautishwi tena na majipu. Hakuna aliyeketi kuupanga mfumo huo. Watu walikuwa wanalima ndizi.

Na kazi yote aliyoifanya babu kwa mti ule ilikuwa kutoukata alipokuwa na jembe mkononi.

Nilifurahi mno. Nikamwambia baba mdogo, basi ni rahisi! Muache michache inayoota sasa hivi.

"Siiachi," akasema. "Nafyeka yote."

## Sababu za mzee

Alikuwa na sababu, na nilipozisikia moja moja sikuwa na la kumjibu kwa haraka.

Ya kwanza, mti mkubwa una macho mengi juu yake. Usiku mmoja watu wanakuja na chenso, asubuhi una kisiki na maranda. Yeye ni mzee, analala mapema, na polisi wako mbali.

Ya pili, makaratasi. Tangu Sheria ya Misitu ya 2002, kuvuna na kusafirisha mbao za miti ya asili kunataka vibali na hati ya kusafirishia. Nia yake naielewa. Bila hayo mivule iliyobaki ingekwisha mapema zaidi. Lakini tazama inavyofika kibanjani. Paina ya jirani ni ya jirani, hakuna anayeibishia. Mvule uliojiotea wenyewe unaonekana wa msitu, na wa msitu unaonekana wa serikali. Baba mdogo hajasoma kifungu chochote. Anachojua ni kwamba kuna mtu alikata mti wake mwenyewe akazungushwa ofisi moja mpaka nyingine, mwisho mbao zikaoza zikisubiri muhuri. Uwe uvumi au kweli, imemtosha kuamua. Mche wa sentimita 20 haumletei maswali. Shina la mita 20 linamletea. Na muda wa kuamua kati ya hivyo viwili ni sasa, wakati wa palizi.

Ya tatu ndiyo iliyonigusa. "Nyie mko Mwanza, mwenzako yuko Dar, mdogo wenu sijui yuko nchi gani. Namwachia nani?"

Kwa hiyo mvule hautoweki kwa sababu ya msumeno tu. Msumeno unaonekana, unapiga kelele, unapigwa picha. Jembe la palizi halipigwi picha, nalo linaondoa kizazi kizima cha miche huku mwenye jembe hajui hata kama ameondoa kitu.

Hilo sijawahi kulisikia likizungumzwa kwenye kampeni yoyote ya miti. Tunahesabu miche tuliyopanda. Hakuna anayehesabu iliyoota yenyewe na tukaifyeka.

## Na faiba je?

Rafiki yangu mmoja anayefanya biashara ya dagaa alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza: sasa unataka nini? Mwanzoni mwa 2024 Rais Samia alikuja hapa Mwanza kukabidhi boti za kisasa na vizimba vya kufugia samaki. Boti za faiba hazihitaji mvule, hazihitaji mti wowote. Wewe unalilia mbao ambayo mvuvi mwenyewe anataka kuiacha.

Swali zuri. Lilinirudisha nyuma kabisa.

Nadhani kwa upande wa boti yuko sahihi, au atakuwa sahihi baada ya muda. Boti ya mbao itaendelea kwa wale wasioweza kumudu faiba, na hao kwa sasa ni wengi, lakini hata wao wengi wanatumia paina na kuziba nyufa kila mara kwa pamba. Nikitetea mvule kwa sababu ya boti peke yake, hoja yangu itazama kabla ya boti.

Ila mbona siku zote tunauliza mti utatufaa nini ukishalala chini? Ule wa nyuma ya jiko la bibi umesimama maisha yangu yote. Umeweka kivuli kwenye kahawa, majani yake yameanguka kwenye migomba, na kama wale watafiti wa Ivory Coast wako sahihi umekuwa ukitia chokaa kwenye udongo wa Kagera, udongo ambao kila bwana shamba anakwambia una tindikali na ununue chokaa dukani. Sijapima udongo wa kibanja chetu, na Muleba si Ivory Coast. Lakini ningependa sana mtu mwenye vifaa aje apime chini ya mvule mmoja wa Kagera na hatua 30 pembeni yake. Kazi ya siku moja.

Bado kuna jambo sikubaliani nalo hata kwangu mwenyewe. Kumwambia mzee wa Muleba atunze mti kwa faida ya hewa ya dunia nzima wakati yeye anaogopa wezi, hilo naliona ni ubinafsi wa watu tuliokaa mjini kwenye feni. Kama kuna faida, na hofu ipunguzwe. Karatasi moja ya kijiji inayosema mvule huu umeota katika kibanja cha fulani na ni mali ya familia yake, iliyoandikwa mti ukiwa bado mche, ingefanya kazi kubwa kuliko miche elfu kumi ya kugawa bure. Nasema hivi nikijua wapo watakaoitumia vibaya, wakaenda kukata mti wa hifadhini na kudai ni wa kibanjani. Lakini mche unaoandikwa ukiwa na urefu wa mkono hauwezi kuwa gogo la hifadhi mwaka kesho.

## Namna ya kuutambua

Kwa wale wenye vibanja au mashamba yenye mvule mkubwa karibu, hiki ndicho nilichokusanya.

Mche mchanga haufanani na mti mzima, na ndiyo maana vibarua wanaufyeka. Jani la mti mzima lina ukingo uliolala, na juu ni laini. Jani la mche lina meno madogomadogo pembeni, ukilipapasa linakwaruza kidogo, lina vinyweleo. Katiza kikonyo, utomvu mweupe unatoka. Mikuyu midogo nayo ina utomvu mweupe, hivyo tazama yale meno. Ukiwa na wasiwasi, uache mpaka palizi inayofuata. Hautakudhuru kwa miezi mitatu.

Usiache mingi pamoja. Mmoja, halafu uende mbali, mwingine. Iache penye kivuli cha mgomba, usiihamishie juani. Ukiona majipu machache usitishike. Ukiona ncha imeoza, kata pale penye uzima, uache chipukizi moja linalokwenda juu na kuondoa mengine. Usiuache karibu na nyumba, kwa sababu matawi makubwa ya mvule yakianguka hayaombi radhi.

Nilimtumia baba mdogo maelezo haya. Akasoma, akanyamaza siku kadhaa, kisha akapiga. Mpakani hapana, alisema, jirani atasema ni wake. Karibu na kaburi la babu hapana. Katikati ya kahawa sawa, lakini iwe mitatu tu, na jina lake lisiwe kwenye karatasi, liwe la mtoto atakayekuwepo. Nani? Hilo tutabishana Desemba tukikutana nyumbani, na kwa jinsi ninavyoifahamu familia yetu ubishi huo utachukua siku zote za sikukuu.

Jana akatuma ujumbe mfupi: "Vibarua wanaanza Jumatatu. Panda meli Ijumaa, uje na rangi ya kuweka alama, wao hawaujui."